Mgongo wa Sefu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kutengeneza sefu, yale makasha ya chuma ya kufungia mali, lilikuwa kutia mafuta ya nazi ndani ya kufuli. Kwetu Kisauni mafuta hayo hutumika kwa kila kitu: nywele, ngozi ya mtoto, bawaba inayolia, cherehani iliyokaza. Hakuna aliyenifundisha kazi hii, kwa hiyo hapakuwa na wa kunikataza. Nilijifunza kwenye sefu moja mbovu iliyotupwa pamoja na vyuma chakavu kule Changamwe. Nilikuwa nikilifumua kufuli lake na kuliunga tena hadi nikaweza kufanya hivyo nimefumba macho, nikadhani basi nimekuwa fundi.

Sefu niliyoiharibu ilikuwa ya bibi mmoja wa Mkomani, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa. Ilikuwa ya Kiingereza, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, na mkono wake wa shaba ulikuwa umelika kwa kushikwa. Bibi aliniita kwa sababu ufunguo ulikuwa mzito kuzunguka. Nikachukua unyoya wa kuku, nikadondosha kwenye tundu mafuta aliyoyapika mwenyewe jikoni. Ufunguo ukateleza.

"Mashallah, una mkono mwepesi, mwanangu," akasema.

Nilitembea hadi nyumbani nikiyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa: sifa moja ilinilevya, na lawama moja ilininyima chakula.

Masika yalipoingia aliniita tena. Nilimkuta barazani, pindo la leso ambalo hufungia ufunguo likiwa limefunguliwa, na ufunguo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haufungui, mwanangu. Na pasipoti yangu imo humo, na tikiti ya meli."

Alikuwa amezifungia humo kwa kuogopa mchwa. Meli ya mahujaji ilikwishatia nanga Kilindini, na abiria walitakiwa kupanda kesho yake asubuhi. Safari hiyo alikuwa ameingoja tangu mumewe yu hai. Yeye mumewe alikufa hajaiona Makka.

Nikapiga magoti mbele ya mlango. Kufuli la sefu kama ile lina vibamba vyembamba vya shaba vilivyopangwa pamoja, na kila kimoja kina mwanya wake. Meno ya ufunguo hukiinua kila kibamba kwa kimo chake, mianya yote ikae sawa, ndipo komeo lipite. Kibamba kimoja kikizidi au kikipungua, hata kwa unene wa ukucha, komeo halisogei. Ufunguo ukitoka, springi huvirudisha vibamba chini. Mafuta yangu yalikuwa na mashapo ya nazi. Yalishika vumbi, yakachacha, yakawa kama ulimbo, na vibamba vikaganda vilipo.

Nilimimina mafuta ya taa tunduni, nikangoja. Nikaupasha ufunguo moto kwenye kaa, nikauingiza, nikaupasha tena. Nikaomba pasi ya mkaa, nikaibana mlangoni. Mtoto wa kiume wa bibi, aliyefunga duka lake ili amsindikize mamake, alisimama nyuma yangu.

"Fundi, waipiga pasi yenda harusini?"

Watu waliokuja kumuaga bibi wakacheka. Masikio yalinichoma. Nilijua pasi haitasaidia kitu, kwa maana mlango ule ulijazwa unga mweupe katikati ya bamba la nje na la ndani, kusudi moto usipite. Nilikuwa nafanya mradi nionekane nafanya. Nikaukaza ufunguo kwa koleo, ukaanza kupinda. Nikaacha.

Adhuhuri ikapita. Bibi alikwenda kuswali, akarudi, akaketi kitako sakafuni karibu nami.

"Vunja," akasema.

"Bibi, sefu kama hii haipatikani tena. Nipe muda kidogo tu."

"Mimi naitwa na Mola wangu, nawe wanililia chuma?"

Mwanawe akasema yuko mtu Kipevu mwenye mtungi wa gesi wa kukatia vyuma, atamleta akate mlango. Nikaona zile karatasi zikigeuka majivu. Hapo ndipo nilipolazimika kusema nililolijua tangu asubuhi.

Sefu za zamani nguvu yake yote iko mbele. Kule Changamwe nilikuwa nimeuona mgongo wa ile mbovu: bamba jembamba lililopigiliwa kwa misumari ya ribiti, unga, kisha bamba jingine jembamba. Mtu mwenye tindo na nyundo angeingia. Nilinyamaza kwa sababu kupita mgongoni ni kukubali kwamba mlango umenishinda, na kwamba ni mimi niliyeuharibu. Nilikuwa tayari meli iondoke kuliko kusema hivyo. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta namna ya kuilainisha. Haina namna.

"Nilitia mafuta yasiyofaa," nikamwambia. "Ni mimi. Na njia ya nyuma ipo."

Mwanawe alitaka kuninasa kofi. Bibi akamzuia kwa jicho. "Mpige kesho. Leo isukumeni."

Wanaume wakaisogeza sefu kutoka ukutani, ikikwaruza sakafu. Nikapiga tindo. Unga ulimwagika miguuni, umechanganyika na vumbi la mbao, unyevu na wa baridi. Bamba la ndani lilipopasuka niliogopa kuingiza mkono. Bibi akakunja mkono wa buibui akauingiza wake, akapapasa, akatoa tikiti, kisha pasipoti. Tindo ilikuwa imelichana jalada, ikakomea kando ya picha yake. Akaipangusa unga kwa kidole.

"Sura ningali nayo," akasema. Kisha akanigeukia. "Ungesema asubuhi, tungekula mchana kama watu."

Kesho yake alipanda meli. Sefu ilibaki na tundu mgongoni, na mwanawe hakuniita tena, wala sikumlaumu.

Tumepata uhuru sasa na kazi ni nyingi kuliko zamani, kwani Wazungu wengi wanauza vitu vyao, sefu zikiwemo. Bado naogopa kila mlango. Lakini ukinishinda, namwambia mwenye sefu papo hapo, tena kwa sauti ya kusikika.