Kigari Kilichomfuata Mama Vichochoroni

Mama alimwambia kaka yangu neno moja, na kaka akaling'ang'ania kama hati ya nyumba: siku Mama atakaposhindwa kufikisha sinia lake sokoni Darajani, atahamia kwa kaka Fuoni, nje ya mji. Kaka amejenga huko. Chumba cha Mama kilikwishapakwa rangi, na choo hakina ngazi. Mama anakaa Mji Mkongwe, ghorofani, kwenye kichochoro ambacho hata baiskeli inapita kwa kuomba radhi. Kila alasiri hukaanga katlesi na kachori, akazipeleka sokoni mwenyewe. Mwaka ule magoti yakaanza kumgomea.

Mimi natengeneza simu na printa, na nina kiburi cha fundi. Nikasema Mama hahami. Nikaunda roboti, kigari cha kubeba sinia: mota za kiti cha magurudumu kilichokufa, kamera ya simu, na vidude vinavyopiga sauti isiyosikika na kuisikiliza ikirudi, ili kijue ukuta uko wapi. Kazi yake ni kumfuata Mama bila kumgonga mtu. Na kwa kuwa kila mwanamke pale kavaa buibui jeusi, nilimshonea Mama mgongoni kitambaa cha rangi ya chungwa, kigari kimtambue. Alijitazama kwenye kioo, akasema anafanana na kile kidude kinachowekwa barabarani pakichimbwa.

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Nilikipangia kikae nusu mita mbali na chochote. Fundi gani aliyezaliwa vichochoroni mle anaandika nusu mita? Kwetu nusu mita ndiyo barabara yenyewe. Kigari kilifika kwenye baraza ya kwanza, kikaona miguu ya wazee wanaocheza dhumna, kikasimama. Wazee wakakunja miguu, kikasogea. Baraza iliyofuata, vilevile. Mtaa mzima ukaamua kwamba kinaamkia. Wazee wakawa wanakiitikia marahaba, na mmoja akamwambia Mama kwamba kina adabu kuliko wanawe. Nilinuna siku nzima.

Halafu kulikuwa na salamu zenyewe. Mama hapiti mbele ya watu waliokaa bila kuuliza habari za nyumbani, za wajukuu, za yule aliyevunjika mkono. Mimi nilikuwa nimekiamuru kigari kwamba anayefuatwa akisimama kwa muda mrefu, safari imekwisha, kijizime. Kikawa kinajizima karibu kila mlango. Nikaifuta amri ile, nikaipunguza nusu mita ikawa shibiri, na nikaongeza amri nyingine: ukimpoteza Mama usitangetange, simama papo hapo upige mluzi.

Kaka akaja kushuhudia, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, kwa sharti kwamba kigari kifike Darajani bila kusaidiwa. Mama mbele, kigari kinafuata, kaka nyuma yake, mimi mwisho nikisali kimoyomoyo. Kwenye kona iliyobana kuliko zote akatokea mchukuzi na mkokoteni wa vitunguu. Kigari kikajibana ukutani vizuri kabisa. Nilivimba kwa fahari.

Lakini wakati kimejibana, Mama alikwishakata kona, na jirani akamwita ndani. Mama akikaribishwa hasemi hapana. Akaingia na kitambaa chake. Kigari kikatazama mbele, hakikuona chungwa, kikaanza kupiga mluzi. Huku kuna ukuta, huku kuna mkokoteni, na hakuna upande wenye shibiri. Hakisogei mbele wala nyuma. Mkokoteni nao ukakwama ubavuni mwake. Nikainama kukinyanyua, kaka akanishika mkono: si tulikubaliana kifike chenyewe?

Watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri. Wakajaa pande zote mbili za kona, hakuna wa kupita, na harufu ya katlesi ikawa inazagaa. Mmoja akauliza za nani, japokuwa kila mtu alijua za nani. Akafunua kawa, akachukua moja, akaacha pesa siniani. Basi. Wengine wakaitisha sahani kutoka madirishani. Mchukuzi alikula ameegemea vitunguu vyake, hana haraka tena.

Mama alipotoka kwa jirani, akijifuta midomo, alikuta sinia limebaki vipande vya ndimu.

"Mama," kaka akasema kwa upole, "Darajani hukufika."

Sijawahi kumchukia kaka yangu kama dakika ile, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilitaka kulia mbele za watu.

Mama hakubisha. Aliwatazama wale waliobanana ukutani, mashavu yamejaa.

"Kweli, sikufika," alisema. "Hebu nambie, huko kwako njia ina upana gani?"

Kaka akajibu, na kwa fahari, kwamba magari mawili yanapishana.

"Ndo hapo, mwanangu. Hapa nkisimama mlangoni kwa mtu, mtaa mzima unakwama. Huko kwako, siku nisipotoka ndani, atakwama nani?"

Mama akageuka kurudi nyumbani, na sisi tulikuwa katikati ya njia yake. Kaka akauegemeza mgongo wake ukutani, akavuta tumbo ndani, akampisha apite.