Mazutu Haipandi

Muuguzi wa kituo cha afya cha Lukafu alimfunua mama yangu tumbo, akagusa uvimbe uliokaa karibu na kitovu, mgumu kama kiazi kibichi, akautoa mkono wake haraka. Alinivuta mpaka nje, akaniambia, "Mama, utumbo iko inakamatwa mu ile henia. Inaanza kufa. Bamupasue leo, Lubumbashi. Kesho itakuwa tu matanga." Akaniuliza mama ameumwa tangu lini. Nikajibu tangu asubuhi, maana ndivyo nilivyojua.

Nina pikapu kuukuu ya mazutu, yaani dizeli, ya milango minne. Napakia mahindi Lukafu, nauza Lubumbashi, na nyumba yangu iko kulekule, Naviundu; mama anakaa Lukafu. Njia ile siendi bila fundi wangu, jirani, mzaliwa wa Kasai, mtu wa maneno machache na mikono ya polepole. Mimi ni wa kelele, wala sifichi. Sokoni usipopiga kelele utarudi na magunia yako nyumbani. Tulimlaza mama kwenye kiti cha nyuma, amejikunja, amejifunga kikwembe, kitenge chake, tumboni kwa nguvu, na mahindi tukayaacha kijijini.

Kwenye mlima wa kwanza gari likakosa pumzi. Nilikanyaga, halikuitika. Likakohoa, likatetemeka, likazima katikati ya vumbi. Nyuma mama akaguna kidogo.

Fundi akafungua boneti, akachungulia tu, akasema, "Mazutu haipandi."

"Haipandi namna gani? Tenki imejaa! Nilijaza juzi, miye mwenyewe!"

"Mama, nimesema haipandi. Sikusema haiko."

Tukangoja kidogo, nikawasha, likawaka safi kabisa kama vile halikuwa na neno. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Tulipita mto, tukapita vijiji viwili, nikaanza hata kupumua. Halafu likakohoa tena, palepale barabara inapoanza kupanda, likafa. Tulipowasha baada ya kungoja, likaenda. Mara ya tatu halikufika hata kijiji kilichofuata.

Hapo nikapasuka. Nilimwambia fundi kwamba filta aliyoiweka wiki iliyopita ni ya bandia, kwamba mikono yake ni ya kusuka vikapu, kwamba mama yangu akifia pale barabarani yeye ndiye atakayechimba kaburi. Yasiyosemeka pia niliyasema. Yeye alikuwa amechutama, anafungua skrubu ya chini ya filta, anakinga mazutu kwenye glasi ya chai.

"Haraka haraka haina baraka," akasema bila kuniangalia.

"Baraka yako peleka kwenu!"

Aliinua glasi juani. Mazutu yalikuwa safi, maji kidogo sana chini. Kisha akanionyesha kile kifungo cha juu ya filta ambacho unakibonyeza kwa mkono ili kuvuta mazutu kutoka tenki. Akakibonyeza. Kikazama, hakikurudi. Kilibaki chini, kimefyonzwa.

"Unaona? Kama ni hewa inaingia, iko laini, inarudi mbio. Hii inavuta, inavuta, haipati. Kuko kitu mule mu tenki inafunga mudomo ya tuyo, ile bomba ya kuvuta. Injini ikizima, ile kitu inaanguka. Tukitembea, inavutwa tena."

"Kitu gani?"

"Sijue. Na kushusha tenki hapa, jua itatukimbia."

Niliogopa. Acha niseme wazi, kwa sababu watu wanafikiri mwenye kelele haogopi. Nilifungua mlango wa nyuma, nikamkuta mama anatazama dari ya gari, midomo mikavu, jasho limemlowesha nywele. Nikamwambia, "Tunafika, mama." Kijiji cha karibu hakikuonekana hata moshi wake.

Fundi alishusha bidoni ya akiba, dumu la mazutu la lita ishirini. Alikuwa ameshapata njia: angechomoa bomba linalotoka tenki, achomeke mpira mwingine, aupitishe dirishani, autumbukize kwenye bidoni miguuni pake. Injini ingekunywa bidoni, tenki tungeisahau. Lakini bidoni ile ilikuwa na uchafu chini, na akataka kuimimina kwanza kwenye bidoni nyingine, tupu.

"Lete kile kitambaa ya kuchujia," akasema.

Mkono wangu ukaenda chini ya kiti kwa mazoea, ukarudi mtupu, na hapo nikakumbuka.

Siku mbili kabla nilikuwa nimenunua mazutu ya bidoni kijijini, maana kituo cha mafuta hakuna. Kwetu mazutu ya bidoni tunachuja. Mama alinipa kipande cha kikwembe chake cha zamani, kile anachochujia munkoyo wakati kinywaji kimeiva na mizizi yake inabidi itolewe. Tulichukua chupa ya plastiki, tukaikata kitako, tukaigeuza iwe faneli kwenye mdomo wa tenki, nikatia kitambaa ndani. Muuzaji alikuja na sigara mdomoni. Sigara, karibu na mazutu! Nilimgombeza nikiwa nimeinua bidoni, namimina huku namtukana, na mama amesimama kando, amejishika ubavu. Tulipomaliza kitambaa hakikuwepo. Nikamwita yule muuzaji mwizi mbele ya watu. Alinitazama tu, akaokota bidoni zake, akaenda. Toka siku ile gari lilikuwa limesimama uani mpaka asubuhi ya safari.

Kumbe kimo ndani ya tenki!

Nilipaswa kusema pale pale. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Yule muuzaji alikiiba."

Fundi aliniangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akavua shati lake, akalifunga kwenye mdomo wa bidoni, akachujia humo.

Tulienda hivyo mpaka Lubumbashi. Fundi kifua wazi, bidoni katikati ya magoti, mkono mmoja umeushika mpira usitoke, vumbi linaingia dirishani lote. Injini ilivuta vizuri, ilipanda kila mlima. Lakini mimi sikusikia raha yoyote. Harufu ya mazutu ilijaa ndani, mama akatapika mara mbili, kitu cha kijani, kisha akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa naendesha na jicho moja kwenye kioo.

"Mama!"

Nikageuza shingo, mikono kwenye usukani.

"Mama, we!"

"Niko," akasema, kwa sauti ya mtu aliye chumba cha mbali.

Nilimwita kila tulipopita daraja. Moyoni nilikuwa nahesabu muda tuliopoteza kwenye milima mitatu, na kila dakika ilikuwa na kitambaa changu ndani yake. Nikamwahidi Mungu mambo mengi. Mengine siyakumbuki, na mengine nayakumbuka najifanya siyakumbuki.

Tulifika hospitali jua likiwa bado kwenye mapaa. Wakamwingiza moja kwa moja. Daktari alipotoka alinionyesha kwa vidole urefu wa utumbo alioukata kwa sababu ulikuwa umeshakufa, shubiri moja na nusu, akasema mama ataishi, ila sisi tulicheza na moto. Nililia kwenye korido mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Siku ya tatu mama alianza kuomba uji na kulalamika kwamba mashuka ya pale yanawasha, na nikajua amerudi. Fundi alikuja mchana kumwona. Alikuwa ameshusha tenki huko Naviundu. Alitoa mfuko wa plastiki, akauweka juu ya kitanda, na ndani kilikuwemo kipande cha kikwembe, kimefuliwa kwa sabuni lakini bado kinanuka.

Nikainamisha kichwa. Ila mama alikishika, akakigeuza, akasema kwa utulivu, "Eh. Njo ile. Nilionaka vile ilikuwa inaingia mu tenki."

"Uliona? Mama! Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa unagombana na ule muntu. Nikasema, ngoja apoe kwanza, nitamwambia. Kisha nikasahau, juu ya maumivu."

"Maumivu gani? Si yalianza asubuhi ile tulipoondoka?"

Alikuwa anakunja kitambaa, mara mbili, mara nne.

"Mama. Tumbo lilianza lini?"

"Siku ile ulifika Lukafu," akasema. "Ulikuja na hasira ya njia. Nikaona, nikisema, utapiga makelele."

"Siku tatu! Siku tatu nzima mama unakaa na..."

Sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Mama akavuta shuka mpaka kidevuni, na fundi akageuka kuangalia mlango.