Kunguni wa Fungate

Enzi zetu za magodoro ya sufi, mdudu hakupigiwa kelele kama siku hizi. Alikuwa mwenzetu wa nyumbani, na tofauti yetu na yeye ni kwamba sisi tulitumwa dukani.

Nyumbani kwetu Andoany, kisiwani Nosy Be kwa Wamalagasi, Koko, yaani bibi yetu mzaa mama, alikuwa na neno hilo moja kwa mambo mengi. Kidole kikitunga usaha, mdudu. Redio ikikoroma, imeingia mdudu. Jirani mwenye tabia ya kufunua vyungu vya watu, mdudu huyo. Mimi na kaka yangu Saidi tukikatiza mbio juu ya mswala wake, tulikuwa wadudu wawili. Juzi mpwa wangu wa Mahajanga, bandari ya bara, anayetengeneza kompyuta, kaniambia mashine yake ina mdudu. Nikamwuliza kama amejaribu kuimwagia maji ya moto. Hakucheka. Vijana wa leo wamesoma sana, lakini kuchekeshwa hawajui.

Ndani tulisema Kikomori, mtaani Kimalagasi, na shuleni tukafundishwa Kimalagasi cha bara ambacho hata mwalimu kilimtoa jasho. Kiswahili hiki nimekipata ukubwani, nilipoolewa Unguja. Kunguni lakini hakuhitaji mkalimani. Sisi tukimwita kunguni, majirani wakimwita kongona, na sote tukijikuna.

Jumamosi ilikuwa siku ya vita. Magodoro yalianikwa juani, vitanda vikapinduliwa uani, na Koko akaja na birika lake la maji yanayotokota, akimimina kwenye kila kiungo cha mbao huku akiwasomea kunguni matusi ambayo sisi tungechapwa kwa kuyatamka. Mimi na Saidi tulipewa kazi ya kuchokoa nyufa. Silaha zetu zilikuwa sindano za Koko mwenyewe, zile za kudarizia kofia, tulizomwibia, na akishagundua tulikuwa na vita vya pili. Harufu ya kunguni aliyepasuliwa haisahauliki. Kwetu ilichanganyika na ya langilangi, maana karibu na nyumba palikuwa na mtambo wa kuchemshia maua hayo yatoe manukato. Mpaka leo nikipita duka la manukato najikuta nikijikuna.

Sasa sikilizeni ya mama mdogo Echati, mdogo wake mama yetu.

Kwetu Wakomori mwanamke haendi kwa mume. Mume ndiye anayeingia kwa mke. Koko alikuwa amemjengea Echati vyumba viwili ubavuni mwa nyumba yake, na mpaka apatikane mwanamume tulilala humo sisi watoto. Mwanamume akapatikana Mahajanga. Aliitwa Mdahoma, kijana mrefu wa kusoma, mpole, aliyeshuka melini na sanduku kubwa la mbao. Echati alikuwa amemwona mara moja tu, kwa kuchungulia dirishani. Sisi tukahamishiwa chumba cha jikoni, na tukamchukia bwana harusi kwa moyo mmoja.

Bwana harusi akishaingia ndani, hatoki mpaka fungate iishe. Siku saba analishwa, anavalishwa, anatembelewa na wakubwa. Akitoka kabla, hata kwa kununua kiberiti, mji mzima utasema kuna kitu kakikuta asichokitaka, na jina la msichana limekwisha. Hakuna atakayeuliza ni kitu gani. Kila mtu atakijaza mwenyewe.

Siku ya pili Mdahoma alikuwa na vipele shingoni. "Mbu hao," alisema Koko haraka, kabla hajaulizwa. Siku ya tatu aliniita, akaniomba mafuta ya taa. Nikamwambia taa imejaa. "We lete tu, mwanangu," akasema, huku akijisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango. Mafuta nyakati hizo yalikuwa ya kupanga foleni, lakini nikaiba kikombe. Siku ya nne akamwuliza Saidi, taratibu, meli ya kwenda Mahajanga huondoka lini.

Saidi hakuwahi kuweka siri, hata ya kikohozi. Akaenda moja kwa moja jikoni. Koko aliweka upawa chini, akakaa juu ya kinu.

"Tumeumbuka," akasema. "Mwanangu ataachwa kwa ajili ya mdudu."

Siku hiyo hakula, na mimi niliogopa kwelikweli, maana nilimpenda Echati kuliko mtu yeyote nyumbani. Nilipowapelekea mokary, vitumbua vyetu vya mchele, na chai, niliwakuta wamekaa mbalimbali kitandani, kama wagonjwa wanaomngojea daktari. Mume anajikuna kwa siri, na mkewe anajikuna kwa siri, na kila mmoja anatazama ukutani.

Kesho yake akaja shangazi yake bwana harusi, aliyekuja naye kutoka Mahajanga. Mama huyo alikuwa na kikasha cha tambuu na macho ya polisi wa forodha. Alikagua pazia, akakagua shuka, akapitisha kidole juu ya meza. Koko alisimama mlangoni akisoma dua midomoni. Hapo ndipo nilipomwona: kunguni mmoja, mnene, ameshiba, anapanda polepole kwenye kola ya kanzu nyeupe ya Mdahoma.

Nilimwona mimi, Koko akamwona, Echati akamwona. Shangazi alikuwa anageuka.

Echati, ambaye kwa siku zote zile hakuwa amemgusa mumewe mbele ya watu, alinyoosha mkono, akamtengeneza kola kwa madaha, akambinya kunguni. Kola ikabaki na doa jekundu.

"Nini hiyo?" akauliza shangazi.

"Tambuu," akasema Echati.

Shangazi akamtazama mpwa wake. "Wewe? Tangu lini unakula tambuu?"

"Tangu nilipooa, shangazi," akasema Mdahoma, ambaye hakuwahi kulitia kinywani.

Mama wa watu akafurahi. Akafungua kikasha, akamkunjia tambuu la kiume, chokaa tele na kipande cha popoo cha kuvunja jino, akamtazama mpaka alipotafuna lote. Machozi yalimtiririka Mdahoma. Akasema ni ya furaha.

Shangazi alipotoka tu, nilisikia kitu ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu harusi. Wawili wale walikuwa wanacheka, wanacheka hadi kitanda kinalia. Mimi na Saidi tukabandika masikio kwenye mlango, kama watoto wenye adabu.

"Hebu nikune," alisema Mdahoma.

"Wapi?"

"Kote."

Meli ya Mahajanga iliondoka bila yeye. Fungate ikaisha, na Jumamosi yake kitanda kikapinduliwa uani, bwana harusi mwenyewe ameshika birika. Koko mpaka anaingia kaburini aliamini kunguni wale walikuwa wake. Mdahoma aliniambia miaka mingi baadaye, walipokuwa wamehamia Amborovy, karibu na Mahajanga, kwamba aliamini wametoka kwenye sanduku lake. Meli aliitafuta kwa aibu, awaondoe wadudu wake kwenye nyumba ya watu.

Mwaka jana mpwa wangu yule wa kompyuta alioa. Fungate aliifanyia hotelini, Ambatoloaka kisiwani kwetu, usiku mmoja tu. Akaona sisimizi juu ya mto, akampiga picha, akabadilishiwa chumba, na kufika asubuhi ukoo mzima tulikuwa tumeshamwona sisimizi. Bibi harusi hatujamwona vizuri mpaka leo.

Baba mdogo Mdahoma hayupo tena, Mungu amrehemu. Mama mdogo Echati analala peke yake Amborovy, kwenye godoro la sponji na chandarua kipya, chumba kimepulizwa dawa. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama, na alasiri ya joto tukajinyoosha pamoja kitandani. Nilidhani amelala. Akanigeuzia mgongo.

"Hebu nikune, mwanangu."

"Wapi, mama mdogo?"

"Kote," akasema, na mgongoni hakuwa na kipele hata kimoja.