Mama Mdogo na Mbalamwezi

Juzi nilishuka mwaloni Ujiji, pale mitumbwi inapofikia, nikakuta dagaa wameanikwa juu ya vichanja vya waya, safi, hawana chembe ya mchanga, nikasimama pale kama mtu aliyekosea nyumba. Wewe uliyekulia huku unanielewa. Dagaa wetu sisi walianikwa chini, na ukiwala na ugali wa muhogo na mawese lazima jino likwaruzike. Ukikunja uso, bibi anakuambia mchanga wa ziwa haujawahi kuua mtu. Nilivuta ile harufu, na aliyenijia kwanza hakuwa bibi. Alikuwa mama mdogo.

Mama mdogo ni kitinda mimba wa bibi, na sote tuliishi kwa bibi. Nyumba ile ilipangiwa maisha na mwezi. Mwezi usipokuwepo, ndiyo giza, wavuvi wanaingia ziwani na taa zao za karabai, dagaa wanaufuata mwanga, na kabla ya adhana ya alfajiri wanawake wameshafika mwaloni na ndoo kugombea mitumbwi inayorudi. Siku za giza usingizi ni wa kuibia. Mwezi ukipevuka, ndiyo mbalamwezi, taa haifui dafu, mitumbwi inavutwa ufukweni, na mji mzima unafidia usingizi.

Siku za giza hakukuwa na wa kumfikia mama mdogo. Alianika dagaa wake, wa bibi na wa jirani yetu mjane bila kuombwa, huku akiimba na kutuhadithia watoto hadithi zisizokwisha. Akicheka, wavuvi wanageuka. Nilimtazama nikiamini kwamba Mungu alipokuwa akigawa nguvu alimpitia mara mbili. Mbalamwezi ikifika, akijifunika kanga gubigubi hataki hata uji, tulisema amechoka, na nani asingechoka. Bibi aliwaambia wageni, "Huyu nilimzaa kwa ajili ya kazi," na alisema kwa fahari.

Ikaja mbalamwezi moja ambayo mama mdogo hakulala. Asubuhi, jua limeshatoka, nilitumwa maji nikamkuta peke yake kwenye uwanja wa kuanikia. Ameinama, anafagia, anatandaza, anageuza kwa ncha za vidole kama tunavyogeuza dagaa waliokauka upande mmoja. Dagaa hawakuwepo. Ulikuwa mchanga mtupu. Alisema haraka haraka kwamba mitumbwi yote ya Burundi na ya Kongo inakuja, na yeye ndiye aliyeagizwa kuipokea. Sikuogopa. Mikono yake ilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilichuchumaa nikawatafuta hao dagaa.

Siku zilizofuata hakula wala hakunyamaza, na aligawa vyombo vya bibi kwa wapita njia. Watu hawakukosa la kusema. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema majini ya ng'ambo yamempanda. Mjomba, ambaye ni kaka yake mkubwa, akaja na uamuzi: Ijumaa kuna boti ya kaskazini, njia ya Kagunga, na huko yuko mganga anayewafunga wagonjwa kamba mpaka watulie. Tulimfahamu mtu mmoja aliyetoka kwake. Alikuwa ametulia kweli, na hakuwahi kuongea tena. Kamba yenyewe nilishaiona nyuma ya mlango.

Jirani alikuwa amesikia kwamba hospitalini mjini amekuja daktari wa akili. Bibi akaomba siku moja.

"Nenda, mama," mjomba alisema. "Ila Ijumaa ni Ijumaa."

Mama mdogo alikubali kwenda kwa sharti kwamba mimi nimshike mkono, ndiyo maana niliyaona yote. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni wa huku, mpole wa sauti. Alimwamkia bibi shikamoo, akaagiza damu ipimwe kwanza, kwa kuwa malaria nayo huvuruga akili. Majibu yaliporudi safi, akaanza kuuliza.

"Usiku analala?"

"Mwanangu, hapa kukiwa na giza halali mtu."

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Akasimamisha kalamu. "Giza lipi, bibi?"

Bibi akamweleza habari za mwezi, taa na mitumbwi, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiha, na daktari akasikiliza kama anayesimuliwa habari za nchi ngeni. Kisha akaiweka kalamu mezani.

"Basi tuutoe mwezi kwanza," alisema. "Wakati ninyi mmelala, amewahi kuwa macho? Na wakati wote mko macho, amewahi kushindwa kuamka?"

Visa vikaanza kumtoka bibi, kimoja kimoja. Mbalamwezi ile alipojenga banda la kuku peke yake, kuku wenyewe hatuna. Giza lile dagaa walipojaa mpaka wanamwagwa, yeye amelala akilia, tukasema ana kisirani. Daktari akauliza habari za pombe, za uzazi, za sauti zisizo na mtu, za ukoo. Kwenye ukoo bibi akashtuka, akamkumbuka baba yake mwenyewe, aliyelima shamba la mtu mwingine lote akiapa ni lake. Kila kisa tulikuwa nacho siku zote, na kila kimoja tulishakipa sababu yake. Sijawahi kuona jambo kubwa kama lile likifanywa kwa maneno matupu: mambo ya miaka yalikuwa yakipangwa mbele yangu, na mtu niliyelala naye mkeka mmoja akawa anaonekana kwa mara ya kwanza.

Daktari akamgeukia mama mdogo mwenyewe. Tangu aanze kuumwa, sote tulikuwa tunamsema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Na wewe, dada, ndani kukoje?"

Mama mdogo akajigusa utosi. "Kuna karabai kichwani," alisema. "Mtu anaipampu, anaipampu, haachi."

"Ungependa nini?"

"Kulala."

Daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa wa hisia, unaompandisha mtu kuliko mwili wake unavyoweza na kumshusha kuliko moyo wake unavyoweza. Una dawa, nazo atazinywa miaka mingi, pengine maisha yake yote. Kwamba hakurogwa, na hana ukorofi. Bibi alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kumbe tulikuwa tunausifu ugonjwa," alisema, na daktari hakumpinga wala hakumlaumu.

Nyumbani bibi aliichukua ile kamba akamfungia mbuzi. Mjomba alifoka mpaka koo likakauka, akapewa maji. Ijumaa boti iliondoka bila sisi.

Mama mdogo alilazwa, akarudi amevimba uso kwa dawa, na polepole akawa mtu wa kawaida. Na hapa, rafiki yangu, ndipo penye shida yangu. Hakuimba tena kama zamani. Hadithi zikawa na mwisho. Alianika dagaa wake, akamaliza, akaenda kupumzika kama wenzake.

Sasa bibi hayupo, na mama mdogo ana mvi na genge lake la mawese sokoni. Juzi tulikaa barazani, nami nikaropoka kwamba zamani ile ilikuwa tamu, alivyokuwa akicheka mwalo mzima unageuka. Nikamuuliza kama anamkumbuka yule wa zamani.

"Namkumbuka," alisema, bila hasira. "Ninyi mlikuwa mnacheza naye. Mkishalala, nilikuwa nabaki naye mimi."

Tangu siku hiyo utoto wangu nautamani kimoyomoyo, si mbele yake.