Mstari wa Sita

Wazazi wenzangu wakianza ubishi wao mlangoni pa shule, kama mtoto anahitaji kurudilia masomo nyumbani kabla ya mitihani au aachwe acheze, mimi huangalia pikipiki zinazopita. Mmoja anasema bila kurudilia mtoto hafiki popote. Mwingine anasema shule imeshakula asubuhi yake yote, mwacheni apumue. Wakinigeukia mimi, nawaambia waniulize mambo ya kabureta. Wanacheka, wanadhani nafanya mzaha.

Mimi ni fundi wa magari, Buyenzi, hapa Bujumbura, mtoto wa fundi wa magari. Mke wangu aliuza vitenge sokoni. Alifariki wakati wa mvua. Tulimtoa hospitali huko Kamenge asubuhi, tukamzika baada ya adhuhuri, na watu wakanishika mkono wakisema nimejikaza kiume. Wallahi sikujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilikuwa nasikia kila neno kwa mbali, kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni. Kesho yake nilifungua gereji, nikashusha injini ya lori la bandarini, nikaipandisha tena.

Tulibaki wawili, mimi na binti yangu wa miaka kumi. Arobaini ilipopita, mwalimu wake akaniita. Wote tunamwita Madamu.

"Papa, mutoto yuko hapa, lakini hayuko hapa," akaniambia. "Mwaka wa tatu alishaurudilia sababu ya malaria. Akianguka mitihani ya sasa, atarudilia na wa nne. Ataona wenzake wanamupita mara ya pili. Mutoto wa kike akipitwa mara mbili anaacha masomo, nimeshawaona wengi. Mumusaidie nyumbani."

Mumusaidie! Alisema kama vile tuko watu kumi nyumbani. Lakini nikaitika. Nikajiambia kila kitu kilichotushinda kimeshatushinda, hiki hakitatushinda.

Zamani mama yake ndiye alikuwa anamrudilisha. Alimuuliza huku anachagua mchele, swali hapa, kicheko pale, tena maswali yenyewe hayana mpangilio. Mimi nilikuwa nikiona kule si kusoma, ni umbea wa mtu na mwanawe. Mimi najua njia moja tu ya kuingiza kitu kichwani, nayo ni ile ya chuoni, kwa maalimu wetu wa Kurani. Unakaa mkekani, unasoma kwa sauti, mwili unayumba. Ukikosea neno, huendelei. Unaanza tena juu, bismillahi, mpaka itoke yote safi. Hivyo ndivyo nilivyohifadhi, na mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakusomea.

Basi kila siku baada ya alasiri nikamkalisha gerejini, juu ya kibao, mimi niko chini ya gari au pembeni yake. Hesabu zilikuwa si mbaya. Tatizo lilikuwa resitasyo, maandishi ya Kifaransa ambayo Madamu aliandika ubaoni, watoto wakayanakili kwenye daftari. Mistari tisa juu ya familia. Siku ya mtihani wangetakiwa kuiandika yote kwa kichwa. Mistari mitano ya kwanza ilimtoka kama maji ya bomba. Akifika wa sita anakwama. Si kwamba anakosea. Ananyamaza tu.

Nagonga chuma kwa spana ya kumi na tatu. "Anza juu."

Anaanza juu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kimya.

"Anza juu."

Hakulia. Hakuninunia. Angenuna ningefurahi, ningejua kuna mtu. Alianza juu, akafika palepale, akanyamaza, nikagonga. Siku ya kwanza, ya pili, wiki ya kwanza, ya pili. Nilisema huyu mtoto ni mvivu, au ni mkaidi kama shangazi zake. Hasira yenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa nagonga chuma kwa sababu ndiyo kazi niliyopangiwa alasiri.

Nyuma ya gereji yetu anakaa mama mmoja aliyetoka Uvira, anauza ndagala. Tunatenganishwa na ukuta wa bati tu, kwa hiyo anasikia kila tunachosema. Siku moja akazunguka, akaingia bila hodi, mikono inanuka samaki, akasimama mbele yangu.

"Papa, samahani. We unamusikiaka huyu mutoto?"

"Kila siku namsikia," nikasema. "Mstari wa sita unamshinda."

"Apana. Haumushinde." Akachukua daftari mapajani kwa mtoto, akanisomea. "Le soir, maman rentre du marché." Akaniangalia. "Jioni, mama anarudi kutoka sokoni. Papa, ni hiyo unamulazimisha aseme?"

Nisijifiche nyuma ya Kifaransa. Mimi ni mtu wa Bujumbura. Maman ni neno nani asiyelijua? Marché nani asiyeijua? Kama ningeusoma ule mstari ningeuelewa. Lakini sikio langu lilikuwa linatafuta kosa, halikuwa linatafuta maneno. Daftari lile lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote hizo.

Nikasema, "Ahaa." Yule mama akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikachukua sabuni ya unga nikanawa mikono muda mrefu, nikingoja kitu kinichome moyoni. Hakikuja. Nilijua nimefanya jambo baya, nilijua kabisa, kama unavyojua leo ni Jumanne.

Ilikuwa imebaki siku nne kufika mtihani. Nikamwambia mtoto, "Basi leo turuke wa sita."

"Madamu atakata pointi, Baba."

"Akate."

"Atakata nyingi, nitaanguka," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anaogopa kitu. Hakutaka kupitwa tena. Yeye ndiye alikuwa anautaka mtihani ule kuliko mimi na Madamu wote wawili.

Nikakaa naye kwenye kibao. Nikakumbuka jambo moja la msikitini. Imamu akiwa mbele anasalisha, akisahau aya, hatuachi sala wala hatumwambii aanze juu. Aliye nyuma yake anamfungulia: anasema yale maneno yaliyompotea, imamu anayapokea, anaendelea. Hakuna anayecheka, na baada ya sala hakuna anayelitaja. Maisha yangu yote nimeliona hilo na sikumfungulia mwanangu hata neno moja.

Nikachukua daftari, nikausoma ule mstari mmoja mpaka nikauhifadhi, kwa Kifaransa changu hiki cha majina ya vipuri. Akaanza juu. Alipofika wa tano akanyamaza. Nikasema mimi, taratibu, kwamba jioni mama anarudi kutoka sokoni. Naye akapokea wa saba, wa nane, wa tisa, moja kwa moja mpaka mwisho. Tukafanya hivyo siku zote nne. Spana niliiacha sandukuni.

Siku ya kuchukua buletini yenye alama zake, Madamu akanionyesha karatasi yake ya mtihani. "Amepita, Papa. Si sana, lakini amepita. Sasa angalia hii." Mistari mitano, safi. Chini yake nafasi tupu, pana ya kutosha mstari mmoja. Halafu mitatu ya mwisho, safi. "Mutoto anajua ya saba, ya nane na ya tisa. Namna gani asijue ya sita?"

Nikamshukuru, nikamshika binti yangu mkono.

Tukarudi gerejini, akakaa kwenye kibao chake. Nikamuuliza, "Kwa nini uliruka wa sita?"

"Sikuuruka," akasema. "Ile ni ya kwako. Nilikungojea. Kisha Madamu akasema saa inaisha, nikakuachia nafasi, nikaendelea."

Nilikuwa nimeshika chujio la mafuta. Nikaliweka chini. Kilichokuwa kimekataa kuja tangu Kamenge kikaja chote pale, mchana kweupe, mteja mmoja anaangalia na mwingine anajifanya haangalii. Nililia kwa sauti, mtu mzima na girisi zangu. Nilikuwa namlilia mke wangu, nikamlilia na mtoto aliyekaa kwenye chumba cha mtihani anangoja nimfungulie.

Binti yangu akanisogelea. Hakunifuta machozi wala hakusema pole. Akasema mstari wa sita, wote, polepole, bila kukwama popote. Kisha akanyamaza, akawa ananiangalia, anangoja mimi nipokee wa saba.

Siku zote zile nne nimeusikiliza huo wa saba, na sikuujua.