Bwana Pazia

Mpiga video wa harusi wa mtaa ule alikuwa na jina lake zuri tu, lakini wateja walimwita Bwana Pazia, na jina likamganda. Ukimpa kazi, atakurekodia pazia likipeperuka, kivuli cha ua ukutani, tone la maji kwenye glasi. Wewe bibi harusi utajitafuta kwa tochi.

Ugonjwa huo aliambukizwa na mwongozaji mmoja wa filamu, mzee wa nchi za mbali, ambaye Bwana Pazia alimwita Mwalimu ingawa hawakuwahi kuonana. "Uso hata mtoto anaweza kuupiga," mpiga video wetu alipenda kusema. "Kazi ni kuonyesha kisichoonekana." Wateja waliguna wakaondoka na mapazia yao.

Mambo yaliharibika ilipofika harusi ya mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa familia. Baba yao alimshika binti mkono akamwingiza ukumbini, na wakati huohuo kaka mtu alikuwa amepiga magoti dirishani. Haukupita muda baba akaugua, akafariki. Binti alipoitazama video ili amwone tena, aliambulia bega na kiatu.

"Kaka, hakuna vipande vingine?"

"Vilivyobaki ni takataka," alijibu, kiburi kikificha aibu. Tangu hapo hata salamu zao zilipitia kwa mama.

Basi filamu mpya ya Mwalimu ilipofika mjini, akamfuata mdogo wake. "Twende ukaione. Ukitoka pale utanielewa." Naye akakubali, ili yaishe.

Na kweli, kwa macho ilikuwa nzuri. Ukungu juu ya mto, mwanga wa asubuhi mezani, rangi za kutamani kulamba. Ilikuwa hadithi ya mama anayemngoja mwanawe atoke gerezani. Bwana Pazia alikaa ukingoni mwa kiti, tayari kushangaa. Ikapita picha nzuri, ikaja nyingine nzuri, na bado hakumjua mama wala mwana. Mwayo ukamtoka, akauziba kwa kiganja, akajiona msaliti. Hatimaye mlango wa yule mama ukagongwa. Akainuka, akafungua, na kamera ikageuka taratibu kwenda kutazama pazia.

"Aa, geuka bwana!" Bwana Pazia akapaza sauti. "Tumwone mama!"

Watu wakaangua kicheko gizani. Mdogo wake aliacha kutazama filamu, akamtazama yeye. Husemwa nyani haoni kundule. Huyu alionyeshwa la kwake kwenye kitambaa kikubwa kama ukuta.

Walipotoka nje alikuwa bado anafoka. "Kanichosha! Picha zote zile, na mama wa watu hatukumwona!"

"Na mimi baba sikumwona," mdogo wake akasema, bila hasira.

Bwana Pazia akasimama katikati ya watu. Alitaka kuomba radhi, lakini kilichomtoka ni kingine. "Kuna kamera ya mvivu."

Ilikuwa kamera kuukuu aliyoisimika pembeni mwa ukumbi katika kila harusi, ikielekea mlangoni, irekodi yenyewe mwanzo hadi mwisho, endapo ile kubwa itagoma. Aliidharau, hakuwahi kutumia picha zake, na kadi zake alizifuta kwa zamu kila alipopata kazi mpya.

"Hiyo ya harusi yangu uliifuta?"

"Sijui," akasema, na hofu ikamshika kweli.

Walikwenda wakikaribia kukimbia mpaka chumba chake cha kazi, nyuma ya duka la viatu. Akamwaga droo nzima mezani, akajaribu kadi moja baada ya nyingine. Mara ukumbi ukatokea, umepinda, nguzo imemeza upande mmoja. Mlango ukafunguliwa, na baba akaingia. Mzima mzima! Tai imekwenda kombo, anacheka huku machozi yanamtoka, anatafuta leso kwenye mfuko usio na leso.

Bwana Pazia alishusha pumzi ambayo ni kama aliibana tangu msibani. "Alhamdu... jamani, yupo," akasema. "Yupo!" Mdogo wake alimshika bega, akaliminya kwa nguvu, wala hakuliachia.

Baba alikuwa akienda kuketi, kisha akaiona kamera pale pembeni. Akaisogelea, akainama, uso wake ukajaa kioo chote, kila kunyanzi mahali pake.

"Hii nayo imewashwa kweli," akauliza, "au imewekwa pambo tu?"

"Imewashwa, baba," binti yake akamjibu.