Meno ya Mama Katika Foto

Meno ya mama yangu yalikuwa yamechongwa. Manne ya mbele, ya juu, yenye ncha. Alipokuwa mwari, huko milimani Fizi, msichana ambaye hajachongwa hakupata mume kirahisi, basi shangazi zake wakamshika kichwa, mzee mmoja akagonga kwa patasi. Hakulia. Hiyo alitusimulia mpaka tukachoka! Na baba alisema wazi mbele ya wageni kwamba aliona kwanza kile kicheko, ndipo akauliza binti ni wa nani. Mama akicheka sokoni Baraka, hata wauza visamaki vya ndagala walisahau kubishana bei.

Kisha mi nikapelekwa shule ya bamasere, wale watawa wa kike wa misheni, miaka ile ya hamsini. Masere wetu alikuwa na kalenda ukutani, mwanamke wa Kizungu anatabasamu, meno yamepangwa sawasawa. Akatuonyesha kwa fimbo: haya ndiyo meno mazuri, yale ya mama zenu ni ya wanyama. Darasa zima tukacheka, na mi nilicheka kuliko wote, mjinga mimi.

Jioni nikamtazama mama akila muhogo, nikaona haya. Meno yalikuwa yale yale ya asubuhi! Hayakuongezeka ncha hata moja. Uzuri niliokulia nao ulitolewa machoni mwangu kwa siku moja, na sikuuliza nani amempa yule masere ruhusa. Ruhusa nilimpa mimi.

Siku ya ndoa ya kaka yangu, mpiga foto alitoka Uvira. Mama akakaa katikati na kitenge chake kipya. Yule bwana alipoingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera yake, mama akaanza kucheka. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, funga kinywa. Batu batakuona."

"Batu gani? Hapa wote si ba kwetu?"

"Bale batakuya nyuma yetu. Foto haifi."

Akaniangalia, akafunga. Foto ikapigwa. Kabla ya mvua zilizofuata homa ilimchukua, na foto nyingine yake hatuna.

Leo iko ukutani kwangu. Wajukuu wananiuliza kwa nini yule mama amekasirika vile, kwani alikuwa mchawi? Nawaambia aa-aa, huyo alikuwa mtu wa kucheka, soko zima lilimjua. Wanatazama ile midomo iliyobanwa, kisha wananitazama mimi.

"Koko, unatudanganya."